Barua ya wazi kwa wanaopitisha michoro ya mitambo mkoani Tabora: pimeni kwa kiwiko cha fundi

Kwa wakurugenzi wa halmashauri, wahandisi, maafisa manunuzi na kamati za mapokezi,
Mkoa wa Tabora.

Yah: Kimo cha mahali pa kuweka betri, inveta, pampu na majenereta

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza hivyo kwa kuwa ndivyo barua zenu kwangu zinavyoanza, na nyingi huniambia jambo lilelile: nenda mahali fulani, mtambo haufanyi kazi, rudi na taarifa. Nimekwenda. Miaka kumi na tisa sasa, kwanza nikiwa fundi mchundo, leo fundi sanifu wa umeme na pampu. Taarifa zote mnazo. Ila lipo jambo moja sijawahi kuliandika humo kwa sababu fomu haina nafasi yake, nalo ni namna nilivyokaa wakati natengeneza.

Nilivyolala, niseme ukweli.

Machi ya mwaka jana niliitwa zahanati moja ya kijijini. Taa za chumba cha kujifungulia zilikuwa zinawaka jioni na kuzima kabla ya saa mbili usiku. Betri za sola zilikuwa nne, kubwa, za Ah 200 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutunza), zimepangwa sakafuni kwenye kona nyuma ya mlango. Juu yake fundi ujenzi alikuwa amejenga rafu ya zege ya kuwekea madaftari ya wagonjwa. Kati ya kichwa cha betri na rafu hiyo kiganja changu kikilala kinaingia, kikisimama hakiingii. Nikalala ubavu wa kushoto juu ya gunia, simu mdomoni iwe tochi, spana namba 13 mkono wa kulia, na shavu limegusa ukuta. Mkono niliuona mpaka kwenye kifundo tu. Vidole vilikokwenda sikuviona.

Nati ikalegea ghafla, spana ikazunguka, ikagusa nguzo ya betri ya pili, yaani ncha ya kuungia waya. Aliyewahi kuona anajua: mwanga wa buluu, mlio kama wa bakora, harufu ya chuma kilichoungua. Spana ikaganda pale pale kama imechomelewa. Kijana ninayefanya naye kazi akaipiga kwa mpini wa nyundo mpaka ikang'oka. Ninayo hadi leo, ina pengo mdomoni kama jino lililong'olewa, na huwa nawaonyesha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Spana ile ilitakiwa iwe imevishwa tepu ya umeme mpini mzima. Siku hiyo haikuwa imevishwa, na kosa hilo ni langu, silikimbii. Lakini mchoro uliopeleka betri sakafuni na kuweka rafu juu yake si wangu. Uligongwa muhuri mezani, mkandarasi akalipwa, kamati ya mapokezi ikaja, ikawasha taa, ikaona zinawaka, ikasaini. Hakuna aliyeinama kuuliza: huyu atakayekuja kukaza nati baada ya miaka miwili atapitisha wapi mkono?

Hilo ndilo swali langu, na nyuma yake kuna hesabu. Niwape hesabu, maana najua hisia haziingii kwenye bajeti.

Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ina fomula ya kunyanyua mizigo iliyorekebishwa mwaka 1991. Inaanza na kilo 23. Huo ndio uzito wanaoupendekeza kuwa wa juu kabisa kwa mtu mmoja pale kila kitu kinapokuwa kizuri: mikono inashika mzigo kwenye kimo cha sentimita 75 kutoka sakafuni, mzigo uko karibu na mwili, sentimita 25 tu, na huhitaji kujipinda. Ukiondoka kwenye hali hiyo, kilo zinapungua. Mzigo ukiwa sakafuni kabisa, 23 zinakuwa karibu 18. Ukiwa sakafuni na pia mbali nawe sentimita 50, kwa sababu mbele yako kuna ukingo au betri nyingine, zinabaki kilo 9 hivi. Na hapo bado hatujaweka kujipinda na kurudia rudia.

Betri moja ya Ah 200 ina kilo kama 60.

Kwa hiyo hata iwekwe pazuri namna gani, ile si ya mtu mmoja. Ni ya watu wawili na toroli, na ningefurahi kama maneno hayo mawili, "na toroli", yangeonekana siku moja kwenye jedwali la vifaa na gharama. Lakini tazameni kimo kinavyofanya kazi. Vipini vya betri ile viko juu, kama sentimita 25 kutoka kwenye kitako chake. Ukiijengea jukwaa la sentimita 50, mikono inaishika kwenye 75, palepale fomula inapopataka. Sentimita 50 ni nini? Ni kozi mbili za tofali letu la kawaida la saruji, lile la inchi 9 kwa kimo, na zege jembamba juu yake. Tofali pengine 12. Kwa betri nne nzima. Na kwenye kimo hicho nguzo za betri zinakuwa chini kidogo ya kiuno, unazitazama kutoka juu, spana unaiona mwanzo hadi mwisho.

Msiweke rafu juu yake. Madaftari yana mahali pengine.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila mtu anatembea nacho bila kujua. Simama wima, legeza mabega, kunja mkono kama unayebeba trei ya chai. Pima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Kwa watu wengi ni kama asilimia 63 ya urefu wote: mwenye sentimita 170 atapata 107. Wataalamu wa sayansi ya kazi wanaanzia hapo. Kazi nyepesi ya mikono ikae sentimita 5 hadi 10 chini ya kiwiko. Kazi ya macho na vidole, kama kukaza skrubu ndogo za kontrola (kifaa kinachoongoza chaji ya betri) au kupanga nyaya, ipande 5 hadi 10 juu ya kiwiko, la sivyo shingo ndiyo itakayoshuka kuifuata, na kichwa cha mtu kina kilo zipatazo 5. Kazi ya nguvu, kama kung'oa bolti iliyoshika kutu, ishuke sentimita 10 hadi 40 chini ya kiwiko, ili uzito wa mwili usaidie mikono.

Hiyo ndiyo siri yote. Mama mmoja mwenye mashine ya kusaga hapa mjini aliijua bila kusoma popote. Alimwambia fundi wake wa zege: "Mdogo wangu, mimi ndiye nitakayekuwa namwaga debe humo kutwa, njoo unipime mimi kwanza." Akapimwa, kisha msingi ukamwagwa. Mashine ile naitengeneza nikiwa nimesimama.

Mkishaelewa kiwiko mtaelewa na kosa la upande wa pili, maana baada ya mimi kulalamika betri za chini, wengine walisikia vibaya wakapandisha kila kitu darini. Sehemu moja nilikuta kontrola ya sola na inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika kama wa gridi) zimefungwa juu ya fremu ya mlango, karibu na bati. Niliambiwa ni kwa ajili ya watoto na wezi. Watoto nawaelewa, mwizi ana ngazi kuliko mimi. Nilifanya kazi nimesimama juu ya benchi la wagonjwa, mikono juu ya kichwa, jasho linaingia machoni, na joto la bati la saa nane mchana mnalijua. Joto hilo halimchoshi fundi peke yake. Vifaa vya umeme havilipendi, na betri za risasi zikikaa kwenye joto lililozidi la kawaida kwa nyuzi 10 hivi, umri wake hupungua kwa karibu nusu.

Mikono ikikaa juu ya mabega, misuli inakaza bila kulegea na damu inapita kwa shida. Ndiyo maana unajikuta unashusha mkono kila dakika kuukung'uta. Jimbo la Washington kule Marekani lilitengeneza orodha ya kazi za kutilia mashaka: mikono juu ya kichwa kwa zaidi ya saa 2 kwa siku, kuchuchumaa au kupiga magoti zaidi ya saa 2, kuinamisha mgongo au shingo zaidi ya nyuzi 30 kwa zaidi ya saa 2. Mimi hayo matatu huwa nayamaliza kabla ya chai ya saa nne. Inveta ikifungwa ili nyaya zake za chini ziwe kwenye sentimita 115 hadi 120, na kioo chake kwenye 150 hivi, anayekaza yuko sawa na nesi anayesoma namba yuko sawa. Mkiogopa wezi wekeni kizimba cha nondo na kufuli. Kizimba kinawekwa kwenye kimo chochote.

Jenereta ni ngumu zaidi, nakubali, na hapa sitaki kuwadanganya kwamba kuna namba moja. Mashine moja ina sehemu kumi za kugusa: kijiti cha kupimia oili, mfuniko wa rejeta, filta tatu, mkanda, betri ya kuwashia, nati ya kumwagia oili chafu. Ukimpandishia msingi ili beseni lipite chini ya nati ya oili, mfuniko wa rejeta unapaa mpaka mtu anasimama kwenye ndoo kuufungua. Ukimshusha, oili unaimwagia kwenye sufuria ya chapati. Ninavyoona, kuamua kunafuata kitu kinaguswa mara ngapi. Kinachoguswa kila siku, yaani oili kupimwa na maji kutazamwa, kipewe mahali pazuri kuliko vyote, kati ya kiuno na kifua. Cha kila miezi mitatu kifuate. Cha mara moja kwa mwaka kinaweza kuwa pabaya kidogo, nitavumilia. Na nati ya oili chafu inaunganishiwa bomba lenye koki, likatoka mpaka nje ya msingi. Ni kazi ya asubuhi moja, na haina haja ya kupandisha tani nzima ya chuma kwa sababu ya nati moja. Hata grisi vilevile: bomba dogo linaweza kuleta chuchu ya grisi mbele kutoka upande wa ukutani. Pampu moja nilikuta chuchu imetazama ukuta, nafasi ya vidole vinne. Haikuwahi kupata grisi tangu izaliwe. Beringi ilikufa, na ripoti niliyoandika ilisema "beringi imekufa".

Baba yangu alifanya kazi reli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mji huu ukawa njiapanda ya Mwanza na Kigoma, kwa hiyo nyumba nyingi hapa zina mzee wa reli. Mara moja alinipeleka karakana nikiwa na miaka tisa. Nilichokikumbuka si ukubwa wa kichwa cha treni, bali shimo. Chini ya njia kulikuwa na shimo refu la kujengewa, lina ngazi na mahali pa taa pembeni, na baba alishuka humo akasimama wima, kichwa cha treni kikiwa juu yake, nati zote mbele ya uso na kifua chake. Nikamuuliza kwa nini wasilale chini kama fundi wa lori wa mtaani kwetu. Akacheka. Akasema: "Treni haishuki, mwanangu, basi sisi ndio tumeshuka."

Watu wale walikuwa na mtambo wa makumi ya tani ambao huwezi kuunyanyua kwa raha, wakachimba. Ninyi mna inveta ya kilo 20 na skrubu nne.

Kiongozi mmoja, simtaji, aliwahi kunitania kikaoni: "Wanyamwezi nyie si ndio mlibeba pembe mpaka Bagamoyo? Leo betri inawashinda?" Tukacheka, utani ni wetu. Lakini bibi alitusimulia kwamba mpagazi mwenye akili, msafara ukisimama, hakutupa mzigo wake chini. Aliusimamisha na kuuegemeza kwenye mti, ili wakati wa kuondoka aingize bega chini yake na kunyooka tu. Kuinua kutoka chini ndiko kulikovunja watu, si kutembea. Babu zetu wakitafuta mti wa kuegemeza mzigo walikuwa wanatafuta sentimita zilezile 75.

Siku hizi mafundi si wanaume warefu peke yao, na jambo hili nimeliona kwa macho mwaka huu. Nina binti wa chuo anayefanya mafunzo kwangu, urefu wake 155. Kiwiko chake kiko kwenye 98. Mimi nina 178, kiwiko kiko 112. Sentimita 14 kati yetu, na meza ya karakana ni moja. Nilikuwa nimeijenga kwa kimo changu, naye akawa anafanya kazi mabega yamepanda mpaka masikioni, jioni shingo inamuuma, na mimi nikadhani hajazoea. Siku moja nikamwekea kibao cha mninga, unene wa sentimita 12, asimame juu yake. Mabega yakashuka palepale. Kwa hiyo kanuni ya meza ni hii: ijengwe kwa mrefu, mfupi apewe jukwaa pana ili asianguke. Ukiijenga kwa mfupi, mrefu huna pa kumpeleka isipokuwa kumchimbia shimo. Kwa vitu vya ukutani chukueni katikati ya hao wawili, mkiacha jukwaa la kudumu pale pale, si stuli ya kukopa ofisi ya mganga.

Ngazi nazo ni hivyo hivyo. Kama hamna budi kuweka kitu juu, ngazi ya kukifikia iwe kwenye manunuzi yaleyale, siku ileile. Na muache nafasi ya kuisimamisha: ngazi ya kuegemea hutaka futi moja mbele kwa kila futi nne za kwenda juu. Kwenye korido yenye upana wa mita moja, ambamo machela inapita, ngazi ya namna hiyo haikai.

Sasa sheria. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wapo kuisimamia. Tunayo sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo haitazami ajali peke yake, inatazama na magonjwa yatokanayo na kazi. Ila mgongo wangu hauna tarehe. Siwezi kuandika kwamba uliumia Jumanne saa tano. Uliumia kidogo kila mahali, na mahali penyewe pamejaa mihuri.

Ninachoomba ni kidogo. Kila mchoro wa chumba cha mtambo, uwe wa zahanati, shule au kisima, uonyeshe kimo kutoka sakafuni kwa kila kitu kitakachofunguliwa. Si ukubwa wa chumba tu na rangi ya mlango. Kimo cha betri, cha inveta, cha koki, cha filta. Mbele ya kila kimoja nafasi ya mtu kusimama na kuinama bila kugonga makalio ukutani, na mita moja si anasa. Kisha siku ya mapokezi, kabla kalamu haijagusa karatasi, mmoja wa wajumbe wa kamati, awe na tai au bila, achukue spana akaze nati moja ya kila kifaa. Moja tu. Asiyeweza kuifikia asisaini. Najua mkandarasi atanuna. Akijua tangu kwenye zabuni kwamba mtafanya hivyo, tofali 12 atazileta mwenyewe.

Na kwa yale yaliyokwisha kujengwa, msiniambie hakuna fungu. Nipeni saruji mifuko miwili kwa zahanati, na kibali cha kuzima umeme kwa nusu siku. Betri zikifika umri wa kubadilishwa, jukwaa lijengwe wiki moja kabla ya betri mpya kufika, zipandishwe mara moja, basi. Kuzibadilisha na kuzirudisha sakafuni ni kununua tatizo lilelile kwa bei mpya.

Nikiitwa kikaoni nitakuja na futi yangu na spana ile yenye pengo. Alhamisi pekee sipo, kuna betri nne za kubadilisha kijijini, ziko sakafuni nyuma ya kabati la dawa, na kwenye simu nimeambiwa kabati limejaa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi sanifu, umeme na pampu
Tabora